Mbunifu wako huenda umemwajiri kama mlinzi (uzi wa wana kusini, Mtwara na Lindi karibuni)

#1 Mleta uzi, Mtwara mjini

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu ni mrefu, niwieni radhi. Nimeubeba moyoni tangu msimu wa korosho uliopita, na leo nimeona niutue.

Mimi ni karani wa ghala kwenye kiwanda kimoja cha kubangua korosho huku kwetu. Jina la kiwanda nitaliacha, bado nakula hapo. Kwenye mkataba kazi yangu ni kupokea magunia, kupima, kuandika leja na kutoa mzigo. Sikuajiriwa kuchora. Lakini nachora tangu utoto, maana nimelelewa Mikindani na mjomba aliyekuwa mchongaji, na kwetu Wamakonde mjomba ana neno kubwa kwa mtoto wa dada yake. Nyumbani kwake vumbi la mpingo lilikuwa kila mahali, hadi kwenye mikunjo ya shuka. Nilikuwa nakaa naye barazani, kashika kipande cha gogo, anakigeuza, anakigonga kwa ukucha, anakigeuza tena. Tezo iko chini. Asubuhi nzima inaweza kupita hivyo. Mpingo mwingi una ufa au uoza katikati, na ukikurupuka unachonga wiki nzima halafu kinyago kinapasuka ukiwa umeshafika kwenye uso. Majirani walimwona mvivu. Mimi nilijua yuko kazini.

Sasa nieleze kidogo kazi ya korosho kwa wasioijua, la sivyo hamtaelewa kilichoniuma. Korosho ghafi inapikwa kwa mvuke, inaachwa ipoe, inabanguliwa kwa mashine ya mkono na mguu, moja baada ya moja. Ganda lina mafuta yanayobabua ngozi, ndiyo maana akina mama wanajipaka majivu au mafuta ya kula vidoleni kabla ya kuanza. Punje zinaingia oveni, zinamenywa ile ngozi nyekundu, ndipo zinafika meza ya kuchambua. Na pesa yote iko kwenye meza hiyo. Punje nyeupe nzima inapewa herufi W na namba, na namba ni idadi ya punje kwenye ratili moja, yaani pauni, karibu nusu kilo. W180 ni miongoni mwa zile kubwa kabisa. W240 zinaingia 220 hadi 240 kwa ratili, W320 zinaingia 300 hadi 320. Halafu kuna zilizobabuka kidogo, kuna vipande vikubwa, kuna vipande vidogo. Mnunuzi akifungua boksi la W240 akakuta W320 zimechanganyika, anashusha bei ya boksi zima au anakurudishia mzigo.

Kila msimu wanakuja akina mama wapya. Wanaonyeshwa karatasi iliyobandikwa ukutani, herufi na namba tupu, wanaambiwa haya, chambueni. Wengine kusoma kwenyewe ni mtihani. Wakikosea wanakatwa. Kuna mama mmoja wa Mangamba alikatwa karibu nusu ya ujira wa siku, akatoka getini bila kuaga mtu. Nilikuwa kwenye mizani yangu pale nje, nikamwona anavyokwenda. Usiku ule sikulala vizuri.

Siku chache baadaye nikaokota ubao wa plaiwudi uliobaki kwenye ukarabati, nikanunua rangi ya mafuta kwa hela yangu, nikaanza kuchora punje za korosho kwa ukubwa wake halisi. Kila daraja safu yake. Ubao nimeupaka weusi ili weupe wa punje uonekane, na zile zilizobabuka nimezitafutia rangi yake hasa, ile kahawia ya kama chai ya maziwa. Mama anachukua punje, anailaza juu ya mchoro. Ikifunika mchoro wote, ni ya safu hiyo. Mchoro ukibaki kidogo pembeni, ashuke safu ya chini. Hakuna herufi hata moja. Nilifanya usiku tatu, baada ya zamu, kwa taa ya ghala.

Akina mama wenyewe wakayapa madaraja majina ya vidole. W180 ikawa gumba, W240 ikawa shahada, zikashuka hivyo hadi cha mwisho. Ukipita mezani unasikia "niletee shahada, gumba zimejaa". Wiki ya pili msimamizi wa zamu aliacha kukata watu.

Wakuu, sijui niwaelezeje furaha ile. Nilikuwa nafika kazini nusu saa kabla ya muda ili tu nisimame pale nione mtu anautumia. Nimefanya kazi miaka sita kiwandani, na kabla ya ubao ule sikuwahi kuamka nikiwa na hamu ya kwenda.

Kisha wakaja wakubwa kutoka makao makuu, wakaupiga picha. Miezi michache mbele tukaletewa kijitabu cha mafunzo kwa viwanda vyao vyote. Ubao wangu uko ukurasa wa kwanza, mpaka kile kikwaruzo cha kona ya kulia kinaonekana. Juu pameandikwa kuwa ni mfumo mpya wa kampuni, na chini jina la mtu ambaye sijawahi kumwona amesimama kwenye ile meza. Nilipokwenda kumuuliza meneja akaniangalia kwa mshangao wa kweli, akasema: "Kwani wewe hulipwi mshahara?"

Sikugombana. Nilirudi ghalani. Lakini toka siku ile sikushika brashi miezi saba. Mke wangu aliona kabla yangu. Aliniuliza kwa nini siku hizi nakaa tu. Magunia ni yale yale na mshahara ni ule ule, ila kila kitu kikawa kizito. Hela ingenisaidia, sikatai, nina watoto. Ila nilichokosa ni kitu kidogo kuliko hela. Nilitaka mtu aseme: hii kaifanya fulani.

Ndipo nikamkumbuka George Lilanga. Vijana wengi mnazijua picha zake bila kumjua, wale mashetani wenye masikio makubwa na tabasamu, rangi zinawaka. Ni Mmakonde wa kusini huku, kazaliwa 1934. Alikuwa anachonga tangu ujana wake. Miaka ya 1970 akafika Nyumba ya Sanaa pale Dar es Salaam, iliyoanzishwa 1972 na Sista Jean Pruitt, na kazi aliyoipata ilikuwa ulinzi. Mlinzi, wakuu! Mtu mwenye mikono ile anakabidhiwa geti. Lakini pale walikuwepo watu waliotazama anachokifanya mlinzi wao, wakampa vifaa na nafasi. Mwaka 1978 kazi zake zilikuwa zinaonyeshwa Washington. Uzeeni kisukari kilimfikisha kukatwa miguu, na bado akaendelea kufanya kazi hadi alipofariki 2005.

Nawaza: je, wangemwambia "kwani hulipwi mshahara?" Angelinda geti vizuri tu, nina hakika, akastaafu, na sisi tusingejua tumepoteza nini.

Ninachotaka kusema ndicho hicho. Kampuni zetu za huku, viwanda, maghala, hoteli za ufukweni, shule, hata vyama vya msingi, zinao wabunifu tayari. Hawakuajiriwa kwa cheo hicho. Wako getini, jikoni, stoo, kwenye usukani. Na mwenye kipaji akifanya kitu kikasaidia, kisha jina lake likafutwa, haendi kushtaki. Ananyamaza tu. Ule unyamavu ndio hasara ya kampuni, na hauonekani kwenye hesabu yoyote.

Mabosi mliomo humu, naomba mniambie mnaonaje. Na wenzangu mliowahi kufanyiwa hivi, mlirudije kwenye kazi zenu?

#2 Mchangiaji, Lindi mjini

Mkuu umenigusa. Mimi ni mpishi kwenye nyumba ya wageni. Ile supu ya pweza yenye tui na ndimu inayowaleta watu mpaka kutoka Mingoyo niliitunga mimi. Kwenye kibao cha nje inaitwa kwa jina la mwenye nyumba. Sina la kuongeza.

#3 Mchangiaji, msimamizi wa kiwanda, Lindi

Mleta uzi, nimekusoma mpaka mwisho, na nakuheshimu kwa kuandika bila matusi. Naomba nijibu kama mtu wa upande wa pili wa meza.

Nasimamia watu themanini na kitu msimu ukichanganya. Kila wiki kuna anayekuja na wazo. Mengine mazuri, mengine yatatuunguzia boila. Nikianza kulipa kila wazo nitamlipa nani na kumwacha nani? Wazo likifaulu kila mtu anakumbuka kwamba alilisema yeye kwanza. Nimeshuhudia watu wawili waliokuwa marafiki wakiacha kusalimiana kwa sababu ya toroli la kubebea magunia, kila mmoja anadai ndiye aliyesema tuongeze gurudumu la tatu.

Halafu kuna jambo lingine, na nalisema kwa nia njema. Umesema majina ya vidole waliyatoa akina mama. Sasa hiyo ya gumba na shahada ni nusu ya ubunifu wote, maana mchoro bila jina watu wasingeweza kuitana mezani. Umeandika jina la nani kwenye ubao? Au na wewe umeandika "akina mama" tu, kama kampuni ilivyoandika "mfumo wa kampuni"?

#4 Mleta uzi

Mkuu wa #3, swali lako nimelisoma jana usiku nikakosa jibu. Ni kweli. Nimewaandika hapo juu kwa jumla, na sikuwahi hata kuuliza nani alianza.

Leo asubuhi nimekwenda mezani kabla kengele haijalia, nikauliza. Wakanionyesha bibi mmoja anayevuka kila siku na kivuko kutoka Msangamkuu. Nikamwamkia, nikamuuliza alilitoa wapi. Akaniambia wao wakisuka ukili wa mkeka wanapima upana kwa vidole, ukili wa vidole viwili, wa vidole vitatu, toka alipokuwa msichana. Alipoona safu zangu zinashuka toka kubwa kwenda ndogo akaona mkono. Hakuona ajabu yoyote. Ila nilipomwambia kwamba neno lake sasa linatumika meza zote na nataka kuliandika kwa jina lake, alinyamaza kidogo, akafunga upya khanga yake, akauliza: "Utaliandika wapi, mwanangu?" Akataka nimwonyeshe mahali penyewe.

Nimepaandika leo mchana, kona ya chini kushoto. Jina lake na kijiji chake. Asante kwa kunirudi.

Ila suala la toroli, kaka yangu, naona umelikimbia mapema. Watu wawili kugombea gurudumu ni dalili kwamba hakuna mahali lilipoandikwa siku liliposemwa. Sisi ghalani gunia moja likipotea tunalitafuta kwa leja, tarehe na saini. Wazo linalookoa magunia mia hatuliandiki popote. Kwa nini?

#5 Mchangiaji, Mtwara, Shangani

Nichangie kidogo kwa upande wa viwanda vya wenzetu, maana nilipita kwenye mafunzo ya kaizen, yaani kuboresha kazi kidogo kidogo, yale Wajapani waliyoyaleta kupitia wizara ya viwanda.

Toyota walianzisha mpango wa kukusanya mawazo ya wafanyakazi mwaka 1951, na wazo linaandikwa kwa jina la mtu. Wazo dogo linahesabika, hata la kusogeza ndoo hatua mbili ili mtu asiiname. Mwalimu wetu alilisisitiza hilo mpaka tukachoka: wakubwa wakingoja wazo kubwa, yale madogo yote yanakufa njiani, na kubwa lenyewe haliji.

Halafu ipo kampuni ya Marekani inaitwa 3M. Toka 1948 wanawaruhusu wataalamu wao kutumia asilimia 15 ya muda wa kazi kwenye jambo wanalolipenda wenyewe. Mwaka 1968 mtaalamu wao, Spencer Silver, alikuwa anatafuta gundi kali akaishia kupata gundi dhaifu, inashika na kubanduka bila kuchana karatasi. Aliizungusha ofisini miaka kadhaa akiwaambia watu kuna kitu humu, hawakujua waifanyie nini. Mwenzake Art Fry alikuwa mwimba kwaya kanisani, na vikaratasi alivyoweka kwenye kitabu cha nyimbo vilikuwa vinadondoka kila wakisimama kuimba. Siku moja mwaka 1974 akaikumbuka ile gundi. Ndivyo vilivyozaliwa vile vikaratasi vya njano mnavyoviona kwenye kila ofisi, vikaingia madukani Marekani nzima 1980.

Mnaona? Wazo lilitoka kwenye kwaya, siyo kwenye kikao. Na mimi hapa naandika majina yao wote wawili, nusu karne baadaye, kwa sababu kampuni yao haikuyaficha.

#6 Mchangiaji, Masasi

Shikamooni wakubwa. Nina miaka 22. Nafanya kazi steshenari, natengeneza kadi za harusi, mabango, fulana za kampeni, vitambulisho. Wateja wanakuja wakisema tunamtaka yule kijana. Kila kazi inatoka na nembo ya bosi tu. Nalipwa kwa siku. Mama anasema nishukuru nina kazi, baba anasema kuchora ni mchezo, niende VETA nikasome umeme. Nimefika mahali nataka kuacha kila kitu nikaanze kivyangu, lakini sina kompyuta. Na nikikaa bila kuchora siku mbili tatu naumwa kichwa, siyo utani. Nifanyeje?

#7 Mleta uzi

Marahaba mdogo wangu. Kwanza maumivu hayo nayajua, pole.

Usiache kazi kesho. Nakwambia kama ambavyo mjomba angeniambia mimi. Edward Saidi Tingatinga alitoka Tunduru, hapo jirani tu, akaenda kukata mkonge Tanga, akafika Dar es Salaam akafanya vibarua vya kila aina. Alipoanza kuchora, karibu 1968, alitumia mbao za dari na rangi za kupakia baiskeli, kwa sababu ndizo alizozimudu. Alifariki 1972. Hesabu mwenyewe, ni miaka minne hivi. Na leo kuna mtindo mzima wa uchoraji unaitwa kwa jina lake. Hakusubiri apate vifaa vya wasanii. Wewe una kompyuta ya bosi mchana, na una penseli usiku. Anza na penseli.

Pili, weka daftari. Kila unachobuni kichore humo kwa mkono kabla hujakiingiza kwenye kompyuta, andika tarehe, na mteja akitoa neno zuri andika na hilo. Nimejifunza kwa maumivu: mimi ubao wangu sikuuandika tarehe wala jina. Nilipokwenda kulalamika nilikuwa na mdomo mtupu. Kazi ambazo ni zako kabisa, ulizozifanya nje ya saa za bosi, ulizia COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki, namna ya kuzisajili. Zile za dukani soma mlivyokubaliana. Kama hamkuandikishana chochote, basi hilo ndilo la kwanza la kuzungumza naye, kwa upole, siku ambayo duka limeuza vizuri. Mwombe jambo dogo, aweke jina lako kwa maandishi madogo nyuma ya kadi. Hatapoteza mteja hata mmoja.

Na umeme wa VETA siyo adui yako. Baba yako anaogopa njaa, hana ugomvi na mchoro. Mjomba wangu alikuwa na shamba la mihogo na mikorosho kumi na minne. Vinyago havikumlisha kila mwezi na hakuona aibu. Alisema shamba linamlinda asichonge kwa pupa.

#8 Mchangiaji, Newala

Mimi ni mama, naongoza kikundi cha ngoma, tunacheza masewe na sindimba. Niseme wazi. Makampuni yanatukumbuka siku ya uzinduzi. Basi linatumwa alfajiri, tunacheza juani mpaka mgeni rasmi afike, tunapewa fulana zenye nembo yao, soda na biskuti, tunarudishwa. Kwenye bajeti yao mna turubai, mna viti, mna maua. Sisi tumewekwa pamoja na maua.

Kijana wangu anayepiga ngoma kubwa, ukimsikia unasimama nywele. Siku nyingine zote anabeba magunia kwenye ghala la hao hao waliotuita. Hakuna hata mmoja pale anayejua kuwa ni yeye. Alicheza mbele yao amevaa njuga, kesho yake wakamwambia "wewe, sogeza lile gunia".

Sitaki watuonee huruma. Watuite kwa mkataba, watulipe kama wanavyomlipa mwenye viti. Na wamjue mtu wao.

#9 Mchangiaji, Lindi mjini (wa #2)

Mama wa Newala, wamekusikia.

#10 Mchangiaji, msimamizi wa kiwanda, Lindi (wa #3)

Nimerudi. Nimekuwa nasoma kimya siku tatu hizi.

Hili la leja limenikaa kichwani. Kulipa kila wazo bado siwezi na sitaahidi nisichoweza. Lakini daftari la kuandika nani kasema nini na lini, hilo halinigharimu hata shilingi elfu tano. Swali langu kwa mleta uzi: hapo juu umesema ubao bado upo na unaandika majina juu yake. Kwa hiyo ulirudi kuchora. Ulirudi vipi, baada ya meneja kukujibu vile? Wamekulipa? Wamekuomba radhi? Nataka kujua kilichofanyika hasa, maana kulalamika tumelalamika vya kutosha na mimi nina watu wangu hapa.

#11 Mleta uzi

Nitakueleza kama kilivyokuwa, usitegemee kikubwa.

Kuombwa radhi hapana. Kile kijitabu mpaka leo kiko vile vile.

Alikuja msimamizi mpya wa uzalishaji, mwanamke, katokea upande wa samaki. Wiki yake ya kwanza hakuongea karibu na mtu. Alikuwa anazunguka na kiti cha plastiki, anakaa saa nzima mezani, saa nzima kwenye kubangua, saa nzima ghalani kwangu. Nilimkumbuka mjomba na gogo lake. Siku ya nne akasimama mbele ya ubao, akaanza kuulizia: nani alichora hiki? Aliuliza akina mama, siyo ofisi. Wakamwambia karani wa mizani.

Akanifuata. Hakunisifia. Aliniuliza kwa nini nimepaka weusi na si bluu, kwa sababu bluu ndiyo tunayoitumia kwenye vyombo, na kwa nini safu ya vipande ni fupi. Wakuu, miaka yote ile hakuna aliyewahi kuniuliza swali juu ya kazi yenyewe. Nilimjibu karibu nusu saa. Nilimweleza habari ya mwanga wa dirisha la mashariki, kwamba asubuhi bluu inafanya punje ionekane chafu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaandika. Nadhani nilipona pale, kabla ya barua yoyote.

Barua ilikuja baadaye, ukurasa mmoja tu. Inasema Alhamisi saa nane hadi saa kumi nitakuwa kwenye kazi za michoro ya kiwanda, ghala atashika mwenzangu. Rangi, brashi na plaiwudi vinanunuliwa kwa fungu la matengenezo, kwa risiti. Kila mchoro unakuwa na jina la aliyebuni na tarehe, na ukitumiwa kiwanda kingine jina linakwenda nao. Kwa kila mchoro unaokubaliwa kuna posho. Siyo kubwa, inalingana na ujira wa siku mbili. Cheo changu bado ni karani wa ghala na mshahara haujaongezeka. Hilo la mshahara naendelea kulidai, na nalisema hapa ili mtu asidhani jina linashibisha watoto.

Saa mbili kwa wiki. Ndizo zilizonirudisha. Nimeshachora alama za chumba cha mvuke, namna ya kufungua vali bila kuungua usoni. Nimechora mpangilio wa magunia ili hewa ipite, maana korosho ghafi ikikosa hewa inaota ukungu. Na akina mama sasa wanakuja wenyewe mizani kwangu. Juzi mmoja kaniletea jiwe la mtoni lenye shimo, anataka nione kama linaweza kushika punje wakati wa kumenya. Halikufaa. Tumeliandika hivyo hivyo, jina lake na tarehe, na kwamba halikufaa kwa sababu ni zito. Kesho yake akaleta kifuu cha nazi.

#12 Mchangiaji, msimamizi wa kiwanda, Lindi

Kifuu kilifaa?

#13 Mleta uzi

Bado tunakijaribu. Ukingo wake unakwaruza punje, inabidi ulainishwe na msasa.

#14 Mchangiaji, msimamizi wa kiwanda, Lindi

Nina safari ya Mtwara wiki ijayo, bandarini. Naweza kupita kuuona huo ubao? Nitakuja na msichana mmoja wa kwangu anayeshika meza ya kuchambua, amekuwa akichora kwa mkaa kwenye mabox na mimi nikawa namgombeza kwamba anachafua mali.

#15 Mleta uzi

Karibuni sana. Njooni Alhamisi, saa nane na nusu, nitakuwa na rangi mkononi. Getini msiseme ofisi, mtazungushwa. Semeni mnataka kuona ubao wa vidole, mlinzi atawaleta mwenyewe. Na huyo binti aje na hayo mabox, asiyatupe.